Mahari ya Mvuta Kamba

Kitendawili! Haya, nimewasikia mkiitikia, hata wewe uliyejifanya umesinzia. Basi natega: wanaovuta wana njaa, wanaotazama wanacheua. Kitegueni polepole. Mkishindwa mtanipa mji, na safari hii nitauchagua mwenyewe, maana mara ya mwisho mlinipa mji usio na maji.

Ilikuwapo nchi ikiitwa Sembuse. Msiitafute kwenye ramani. Na ukiona inafanana na nchi unayoijua, nyamaza. Watu hufanana sura na wasiwe ndugu. Sembuse ilikuwa nchi nzuri yenye milima, mito na mawaziri, ingawa mito ilikuwa michache kidogo.

Mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa kuvuta kamba, na wavutaji walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Kamba yenyewe ilikuwa moja tu, Kamba ya Taifa, nene kama mguu wa tembo mchanga, iliyosokotwa kwa katani mwaka wa Uhuru na kuwekwa ndani ya sanduku la kioo. Waziri wa Vyuo, Viwanja na Vifijo, Mheshimiwa Kilembwe, alikuwa amepiga marufuku kuvuta kamba nyingine yoyote, ili kila chuo kitakacho mashindano kiikodi hiyo hiyo kutoka wizarani. Marufuku ilishikwa barabara. Hata mtu akivuta kamba ya mbuzi wake kwa bidii, majirani walimwangalia vibaya.

Siku ya mechi uwanja ulifurika. Watu walilipa kiingilio, kampuni za sabuni na saruji zililipia matangazo, televisheni ililipia kuonyesha. Kocha alipata gari. Makamu Mkuu wa Chuo alipata gari na mtu wa kuliosha. Waziri alipata vitu ambavyo mimi kwa umri wangu sitavitaja. Na mvutaji je? Mvutaji alilipwa makofi.

Usicheke, iliandikwa kwenye sheria. "Mwanamichezo wa chuo ni mtu safi, na fedha huchafua mikono, kwa hiyo atalipwa makofi." Makofi yalikuwa na madaraja. Daraja la tatu watu hupiga huku wamekaa wanatafuna karanga. Daraja la kwanza hupiga wamesimama. Bingwa aliongezewa vigelegele, na kimoja kati ya vitatu kilikatwa kodi.

Basi katika Chuo Kikuu cha Kilimani palikuwa na kijana aitwaye Shaweji, mvutaji wa mwisho kabisa, yule anayejizungushia kamba kiunoni na kuitwa nanga. Mwili kama ghala la mpunga, moyo kama wa mtoto wa shule ya vidudu. Siku moja alikwenda dukani kwa Bwana Kassu, aliyekuwa akiuza vitu vidogo vidogo nje ya geti la chuo.

"Nipatie mche wa sabuni, kaka."

"Pesa?"

"Juzi nilipigiwa makofi ya daraja la kwanza. Uwanja mzima."

"Nilikuwepo, mdogo wangu," alisema Bwana Kassu. "Hata mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha. Kwa hiyo mimi nimeshakulipa. Wewe ndiye unayetaka kuondoka na sabuni yangu bure."

Njaa Shaweji angeivumilia. Lililomkera lilikuwa jingine. Yeye alikuja mjini kusomea udaktari wa mifugo. Kwao Kitopeni mbuzi wa bibi yake, Bi. Siajabu, walikuwa wanavimba matumbo na kufa asubuhi, na kijiji kizima hakikuwa na wa kuulizwa. Watu wa Kilimani walipokuja kumchukua walimwambia mifugo watamfundisha. Alipofika, chuo hakikuwa na hata kuku. Wakamwandikisha Shahada ya Mambo kwa Ujumla. Mtihani wake ulikuwa na swali moja: "Eleza." Shaweji alieleza, akafaulu.

Mifugo ilifundishwa Chuo Kikuu cha Bondeni. Shaweji akaenda kwa Makamu Mkuu wa Kilimani, Profesa Mahundu, mzee mwenye ndevu zilizofika kwenye kifungo cha tatu cha shati, akaomba kuhama.

"Uhame?" Profesa alivua miwani ili amwone vizuri. "Wewe nanga! Chombo kitabaki na nini?"

"Profesa, mbuzi wa bibi wanakufa."

"Mbuzi si wajumbe wa baraza la chuo. Nenda ukavute."

*

Wakati huo huo nchi ilikuwa imechafuka kwa wizi wa wavutaji. Kijana mmoja aliingia kwa kinyozi akiwa wa Chuo cha Mwaloni, akatoka na kipara akiwa wa chuo kingine, wala hakujua nani kamwekea sahihi. Bunge likalia. Wabunge waliolia sana wakapewa maji. Mwishowe ikaundwa Tume ya Kurekebisha Uhamisho na Malipo ya Wanamichezo, mwenyekiti wake Mheshimiwa Kilembwe mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyaharibu mambo na hivyo aliyajua vizuri.

Tume ilizunguka dunia ikijifunza. Ilirudi na viatu vizuri. Sheria hakuna.

Siku moja kabla ya kuwasilisha ripoti, Mheshimiwa alikuwa kwenye harusi ya mpwa wake. Amekula pilau, ameshushia na sharubati, ameketi anatazama. Akaona washenga wanakuja kwa heshima. Akaona wazee wanapewa kilemba na mkaja. Akaona binti anatoka nyumba hii anaingia nyumba ile, na hapana aliyempiga mwenzake ngumi. Akaruka kitini.

"Karani!" alimwita karani wake, aliyekuwa bado na kipande cha nyama mdomoni. "Hapa pana uhamisho! Uhamisho wenye amani! Andika kila kitu. Posa, mshenga, mahari, talaka, eda, andika yote. Pale penye 'mwali' weka mchezaji. Pale penye 'nyumba' weka chuo."

"Yote kabisa, Mheshimiwa?"

"Yote. Usipunguze hata hina."

Ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Uhamisho kwa Njia ya Posa. Bunge liliipitisha kwa kauli moja, na kauli yenyewe ilikuwa "chakula tayari." Wakubwa wakagawana nafasi za wazazi. Waziri akawa baba, apokee kilemba kwa kila mchezaji anayehama. Profesa Mahundu, pamoja na ndevu zake, akawa mama wa wavutaji wote wa Kilimani, apokee mkaja kwa uchungu alioupata akiwazaa. Kocha akachukua kifungua mlango.

Lakini kilichowafurahisha zaidi kilikuwa eda. Mchezaji akiachwa na chuo, sheria ilisema, atakaa eda msimu mzima bila kugusa kamba. "Eda itawatuliza," Waziri aliwaambia waandishi wa habari. "Kijana akikaa msimu mzima anatazama ukuta, hamu ya kuhama itamtoka kwa jasho."

Profesa Mahundu hakungoja jua lizame. Alimwita Shaweji mbele ya wenzake, akamsomea talaka kwa sauti ya kuhutubia mahafali.

"Chuo Kikuu cha Kilimani kimekuacha! Msimu mzima hutavuta. Na wengine wajifunze!"

Shaweji aliinamisha kichwa. "Asante, Profesa."

*

Kesho yake asubuhi Profesa alifungua mlango wa nyumba yake akamkuta Shaweji kibarazani na sanduku lake la bati.

"Shikamoo, Profesa. Nimekuja kukaa eda."

"Marahaba. Kakae bwenini."

"Bweni ni la chuo, na chuo kimeniacha mbele ya watu. Sheria inasema aliyeachwa atalala na kulishwa kwa aliyemwacha, mpaka eda iishe."

Profesa alimpigia simu Waziri. Waziri alikuwa ndiyo kwanza amepewa tuzo kwa ajili ya sheria ile, na ilikuwa bado imemning'inia shingoni. "Profesa, sheria yangu haina kasoro," alisema. "Mlishe."

Wakamlisha. Eh, wanangu, mmeshawahi kulisha mtu aliyezoea kuzivuta timu mbili kwa mpigo? Ugali ulisongwa kwenye sufuria ya msiba. Mkungu wa ndizi aliuita kionja. Na kwa kuwa aliye kwenye eda haonwi na wanaume, na sheria haikupunguza hata hina, Profesa alikatazwa kupita sebuleni mwake. Akawa anaingia kwa mlango wa jikoni, anabisha hodi kwake mwenyewe, na Shaweji anaitikia kutoka ndani, "Subiri kwanza, Profesa, nijitande."

Mkewe, Mama Ritha, alimvumilia kijana, kwa kuwa aliosha vyombo na kumwamkia vizuri. Mume ndiye aliyemshinda.

"Baba Ritha, kijana wa watu unamweka humu wa nini?"

"Namkomoa, mke wangu."

"Unamkomoa yeye? Mchele umekwisha. Maharage yamekwisha. Leo nimepika yale ya mbegu! Mtu anakomolewa huku ananenepa?"

"Ni suala la kanuni."

"Basi kesho utazila hizo kanuni, maana ndizo zilizobaki stoo."

Alibeba sufuria tupu kichwani, akaenda nayo mpaka wizarani, akaikalia mlangoni, na kila alipopita mgeni wa Waziri aliigonga kwa mwiko. Wajumbe wa Tume hawakuvumilia hata hadi mchana. Walitangaza marekebisho madogo: eda haitakuwa msimu mzima, itakwisha gunia la mchele la aliyeacha litakapokwisha. Gunia la Profesa lilikuwa limekwisha tangu juzi. Shaweji akawa huru.

*

Bondeni hawakulala. Wakamtuma mshenga, Dokta Pulkeria, mwanamke mrefu aliyewahi kuozesha nusu ya ukoo wake na kukosea mara moja tu. Alikaribishwa sebuleni kwa Profesa, ambayo sasa mwenyewe alikuwa amerudishiwa.

"Tumepita njia," alianza, "tukaona ua zuri bustanini mwenu. Tumekuja kuomba tulichume."

"Ua letu bado changa," alijibu Profesa, akijisikia mama kweli. "Halijui hata kutandika kitanda."

Nje dirishani ua lilikuwa limekaa juu ya kinu, linamenya muwa kwa meno.

"Tutalifundisha," alisema Dokta Pulkeria. "Mkaja wako huu hapa."

Profesa akaupokea, akaufutika, na uchungu wa uzazi ukamtoka papo hapo.

Shughuli ikapangwa kufanyika uwanja wa taifa, televisheni ikionyesha, kampuni ya saruji ikidhamini hina. Na kwa kuwa mwali hawi mwali bila somo wa kumfunda, Bi. Siajabu aliletwa kutoka Kitopeni kwa gari la serikali. Alipomwona mjukuu wake amefunikwa khanga nne zilizoshonwa pamoja, na michubuko ya kamba mikononi imepakwa hina ikapendeza, alicheka mpaka akaomba kiti.

"Haki ya Mungu, Shaweji, umependeza kuliko mama yako. Ila miguu, mjukuu wangu, miguu ifiche."

"Bibi, usinichekeshe, khanga zitapasuka."

"Haya sikiliza. Mwali huulizwa mahari. Ndivyo ilivyo tangu zamani, hata mimi niliulizwa, nikataka kitanda cha samadari na cherehani, na babu yako alikopa mpaka kwa maadui. Nawe ukiulizwa useme ng'ombe wa maziwa. Mbuzi wangu wamebaki watatu, wa nne nilimzika juzi. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Mheshimiwa Kilembwe, aliyejiteua mfungishaji, alisimama mbele ya kipaza sauti akasoma sheria yake toka juu kwenda chini. Sauti ilikuwa nzito na tamu. Akafika mahali akakohoa. Akasoma tena kimyakimya. Jasho likamtoka.

"Karani," alinong'ona, ila kipaza sauti hakijui kunong'ona, na uwanja mzima ulisikia. "Nani kaandika kwamba mahari ni ya mwali, na atayataja mwenyewe?"

"Mheshimiwa, wewe ulisema yote. Kwa mpwa wako ndivyo ilivyokuwa."

Jukwaa kuu likatetemeka. Profesa Mahundu akashika ndevu. Kocha akatazama gari lake kule nje kama mtu anayeaga. Wavutaji wa vyuo vyote, waliokaa chini kwenye nyasi kwa sababu viti vilikuwa vya wageni, walinyanyua shingo. Atataka nini yule? Atataka uwanja? Atataka televisheni?

"Mwali," alisema Waziri kwa sauti iliyokuwa imepungua uzito, "taja mahari yako."

Khanga nne zikajisogeza. Kisha sauti ikatoka.

"Kamba."

"Kamba gani?"

"Ile ya kwenye sanduku la kioo. Nimeivuta sana, nimeizoea."

Jukwaa kuu liliangua kicheko, kicheko cha mtu aliyetazamia kunyongwa akapigwa kibao. "Mwone kijana mwenye adabu!" alipiga kelele Waziri. "Wengine wangetaka magari, huyu anataka kamba! Apewe! Apewe leo leo!" Mihuri ikagongwa, sahihi zikatiwa, kamba ikatolewa kwenye kioo na kuwekwa mapajani mwa mwali. Makofi ya daraja la kwanza.

Bi. Siajabu alimfinya mjukuu kwenye paja kwa nguvu zake zote.

"Shaweji wee! Nani kakuroga? Nimekwambia ng'ombe! Hiyo kamba utamfunga nani, mimi?"

"Bibi," alisema Shaweji taratibu, "ng'ombe hufuata kamba."

"Basi huyo ng'ombe anifuate mie nyumbani," alisema Bi. Siajabu, na kwa hasira hakula hata keki.

*

Ikafika siku ya Kombe la Taifa. Watu wamejaa tangu alfajiri, matangazo ya sabuni yamebandikwa mpaka chooni, pilau la jukwaa kuu linanukia mtaa wa tatu. Waziri akapuliza kipenga, akasema kamba iletwe. Walinzi wakaleta sanduku la kioo. Ndani palikuwa na nondo mmoja wa usiku, amekufa zamani.

"Leteni nyingine!" alisema Waziri.

"Ni marufuku, Mheshimiwa," alisema karani. "Kifungo. Umesaini mwenyewe."

"Nunueni mpya, nitaifuta hiyo marufuku!"

"Kuifuta kunataka Bunge, na Bunge limeshakaa jukwaani linangoja pilau. Na kamati ya zabuni bado inajadili kamba ni kitu gani."

Hapakuwa na njia. Waziri, Profesa, kocha na karani wakajipakia garini, mbio hadi Bondeni. Wakamkuta Shaweji kwenye zizi la chuo pamoja na wanafunzi wenzake, amevaa gwanda, mkono wake wa kulia umezama ndani ya ng'ombe hadi begani. Pembeni, juu ya ndoo iliyogeuzwa, alikuwa amekaa Bi. Siajabu, aliyekuja kumtembelea. Hasira zilikuwa zimemwisha. Mjukuu alikuwa amemwandikia asiwafungulie mbuzi kabla umande haujakauka, kwani majani mabichi yenye umande ndiyo yaliyokuwa yanawajaza gesi, na tangu hapo hapana tumbo lililovimba Kitopeni. Kamba ya Taifa ilikuwa imefungwa shingoni mwa ng'ombe, ncha ya pili kwenye nguzo.

"Kijana wangu," alianza Waziri, "tupe kamba."

"Shikamoo, Mheshimiwa. Subiri kidogo, natafuta ndama."

"Nchi nzima inangoja!"

"Na huyu naye anangoja. Nisaidie kushika mkia, anaurusha."

Waziri alitazama suti yake. Akautazama mkia. Kwa mbali zikasikika kelele za uwanja, watu wameanza kudai viingilio vyao. Akaushika.

"Kamba mtaipata," alisema Shaweji, shavu lake limeegemea ubavu wa ng'ombe. "Ni mali yangu, na mimi si mchoyo. Ila nina masharti yangu. Kila anayeivuta asome alichokuja kusomea. Akitaka kuhama aseme mwenyewe, asisemewe na baba mwenye kilemba wala mama mwenye ndevu. Na kinachoingia getini kwa ajili ya kamba, wavutaji wapate fungu lao, na siku ya mechi wale kwanza."

"Hayo yanahitaji Tume!" alifoka Profesa.

Ng'ombe alijisogeza. Waziri akaburuzwa hatua mbili, kiatu kimoja kikabaki kwenye samadi, kile kizuri cha ughaibuni.

"Nimekubali," alisema Waziri. "Nimekubali yote. Karani, andika."

"Yote kabisa, Mheshimiwa?"

"Andika, mwana wewe! Usipunguze hata hina!"

"Na leo," aliongeza Shaweji. "Kabla kamba haijafunguliwa."

"Leo. Leo hii."

"Basi uachie mkia. Ndama yupo, amekaa vizuri."

Siku ile Sembuse ilishuhudia jambo. Masufuria ya pilau yalishushwa kutoka jukwaa kuu hadi kwenye nyasi, na wavutaji wa vyuo vyote wakala kwanza, polepole, wakaomba pilipili, wakaongezewa. Wakubwa wakawa wanatazama, wanameza mate. Hapo ndipo kitendawili changu kilipoharibika, wanangu, kwa hiyo mji wenyewe nimewasamehe.

Kamba ilipowekwa uwanjani, ikinukia zizi, Mheshimiwa Kilembwe alimsogelea Shaweji kwa upole, mguu mmoja na kiatu, mwingine na soksi.

"Kijana, wavutaji wamekula, fungu lao limetengwa. Na sisi tuliohangaika kuandaa? Hatuna chetu?"

Shaweji akawatazama wenzake. Wote wakafuta mikono, wakasimama wima kwenye nyasi, wakampigia Waziri makofi, ya daraja la kwanza kabisa, mpaka jukwaa likavuma.

Waziri akabaki amesimama, haelewi ashukuru au alie.

Bi. Siajabu akamgusa bega. "Chukua, mwanangu, yote yako," alisema. "Ukifika geti la Kilimani utaona duka la Bwana Kassu. Mwambie akupe mche wa sabuni."